Kifuko Kwenye Mbaazi

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Kasulu siku ya tatu tangu turudi na mtoto kutoka hospitali, na kitu cha kwanza alichokiona alipoingia uani ni kifua changu kikiwa wazi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa jiko, vifungo vya shati vimefunguliwa vyote, na kati ya shati na ngozi yangu amelala binti yangu, kofia ya uzi kichwani, soksi miguuni, na nepi. Hakuwa na kingine mwilini. Kitenge kilituzunguka sote wawili kama kifurushi kimoja. Mama aliweka chini kikapu chake cha maharage, akajifunika uso kwa upindo wa kanga, akageukia ukuta.

Sikumlaumu. Kwao huko juu, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Mimi ni mtoto wa Ujiji, mji wa watu waliochanganyika, na heshima zetu za ukwe si kali kiasi hicho. Lakini mke wangu alinifunda mapema kabla hatujaoana, na kwa miaka minne ya ndoa sikuwahi kuijua sura ya mama yake vizuri. Nilijua sauti yake, na nilijua visigino vyake.

"Shikamoo mama," nilisema, macho chini.

"Marahaba," alijibu, bado ameelekea ukutani. Kisha akapaza sauti kumwambia binti yake aliyekuwa kitandani ndani: "Mwenzako amepatwa na nini? Mbona mtoto anawekwa kifuani kwa mwanamume?"

Nikamsikia mke wangu akianza kucheka, na cheko likakatikia njiani likawa mguno, kwa sababu ya kidonda.

Mtoto wetu alizaliwa na miezi saba, kwa upasuaji, baada ya presha ya mama yake kupanda ghafla. Hakufika kilo moja na nusu. Siku ya kwanza niliyopewa nimshike niliiangalia kwanza hii mikono yangu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha pale Gungu, na viganja vyangu vimejaa mabaka ya cheche na ngozi ngumu kama ya kisigino. Nikamwambia muuguzi, "Dada, nitamkwaruza." Akanijibu, "Hatutaki mikono yako, baba. Tunataka kifua."

Ndipo akatufundisha. Mtoto anakaa wima, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka afikishe uzito. Joto lake ni letu. Akiwekwa peke yake anapoa, na akipoa, alisema yule muuguzi bila hata kubadili sauti, anasahau kupumua.

"Anasahau?"

"Anasahau. Ndiyo maana mnamkumbusha. Mnamsugua nyayo, mgongo. Na shingo msiiache ijikunje. Ikijikunja njia ya hewa inaziba, na usitegemee kusikia kilio. Hawa hawalii, baba. Wananyamaza tu."

Tangu siku ile nilianza kuogopa ukimya. Niliwahi kuogopa vitu vingi maishani, ziwa likichafuka, umeme, polisi wa usiku, lakini hivyo vyote vina kelele. Hiki cha sasa hakikuwa na dalili. Mtoto aliyelala vizuri na mtoto aliyesahau kupumua wanafanana.

Mke wangu angekuwa mzima, yeye ndiye angembeba muda mwingi. Lakini kidonda chake cha upasuaji kilifunguka upande mmoja, kikaanza kutoa usaha, na homa ikawa inamjia karibu kila siku mchana. Usiku, homa ikishuka, alimlaza mtoto kifuani akiwa ameegemea mito. Mchana ulikuwa wangu. Kazi niliifunga.

Na mama mkwe, mtu aliyekuja kutusaidia, alipika, alifua, alimkanda binti yake, alichota maji. Alifanya yote isipokuwa moja. Mtoto hakumgusa. Akipita karibu naye alipita upande, kama mtu anayepita karibu na chungu kilichojaa mpaka pomoni. Mimi nilidhani ni kwa sababu mtoto yuko kifuani kwangu, na kifua changu ni mwiko kwake.

Nyumba tuliyopanga Buzebazeba ni chumba na sebule. Hatukuweza kuwemo wote. Kwa hiyo asubuhi, umande ukikauka, nilibeba kiti changu mpaka mwisho wa ua, pembeni ya uzio wa matete, ambako mke wangu alikuwa amepanda mbaazi. Zilikuwa zimenipita kimo na zimeanza kutoa maua ya njano. Pale nilikuwa mbali na macho ya mama, na yeye alikuwa huru kuingia na kutoka. Tulizungumza kwa sauti kupitia mlango wa jiko, kila mmoja akiangalia kwake. Mara nyingine hakunitaja kabisa. Alisema tu, "Uji uko juu ya ndoo," akaondoka, nami nikaelewa kwamba nimeambiwa mimi.

Siku ya pili ya kukaa pale ndipo nilipomwona buibui.

Alikuwa wa kijani, kijani kile kile cha majani ya mbaazi, ndiyo maana siku nzima iliyotangulia nilikaa naye bila kujua. Hakuwa na utando wa duara kama buibui wengine. Miguu yake mirefu ilikuwa na miiba miiba myeusi. Alikuwa ameinamisha kichwa chini, amekumbatia kitu kama kidonge cha rangi ya majani makavu, kikubwa kama ncha ya kidole changu cha mwisho, kilichofungwa kwenye kijitawi kwa nyuzi nyingi. Nilijua mara moja ni nini. Kutoka kwenye kile kifuko mpaka kwenye kofia ya mwanangu palikuwa na urefu wa mkono mmoja.

Niseme ukweli wangu: naogopa buibui tangu utoto, na woga huo sijawahi kuuonea aibu. Karakana kwangu, buibui akitoka nyuma ya mabomba, naacha kazi mpaka nimuue. Lakini pale nilikuwa nimefungwa. Siwezi kuinama, siwezi kuvua kandambili, siwezi kujitupa nyuma.

"Mama!" niliita. "Samahani mama, naomba fagio."

"La nini?" sauti ikatoka jikoni.

"Kuna buibui hapa. Ana mayai."

Kisha mlango ukafunguka kidogo, ufagio wa chelewa ukasukumwa nje, mlango ukafungwa. Nilikwenda kuuchukua taratibu, mkono mmoja ukiwa umeshikilia kichwa cha mtoto, nikarudi, nikauinua.

Buibui hakukimbia. Wote niliowahi kuwaua walikimbia. Huyu aligeuka akauelekea ufagio, akapanda juu ya kifuko chake, akainua miguu ya mbele. Nikasogeza ufagio kidogo kushoto, akageuka kushoto. Nikaurudisha kulia, akageuka kulia.

Niliushusha. Nisijifanye mwenye huruma, haikuwa huruma. Niliona nikimpiga nikamkosa atanirukia, na akinirukia atatua kwa mtoto. Au nitapasua kile kifuko na vilivyomo vitamwagika juu yetu. Nikavuta kiti hatua mbili nyuma, nikakaa nikimtazama, moyo ukinienda mbio, na mtoto, ambaye sikio lake lilikuwa juu ya moyo huo, akaanza kujinyonganyonga.

Kwa nini sikuhamia kona nyingine? Ua wenyewe ni mdogo. Upande mmoja choo, upande mwingine kamba za nguo na njia ya mama mkwe. Nilibaki na jirani yangu.

Siku zikawa zinafanana. Jua, wingu, mvua ya saa nane, kurudi ndani chini ya upenu, kutoka tena. Siku mvua ikikatika mapema, milima ya Kongo ilionekana ng'ambo ya ziwa, na harufu ya dagaa walioanikwa ikapanda na upepo. Niligundua kwamba nikimtazama mtoto mfululizo, macho yananidanganya; namwona amesimama kupumua wakati anapumua. Kwa hiyo niliiachia ngozi yangu kazi ya kumsikiliza, na macho nikayapeleka kwa buibui. Kila kipumzi cha mtoto nilikisikia kama kidole kinachonigusa na kuacha. Kinagusa, kinaacha. Kikichelewa, mwili wangu wote ulikuwa baridi kabla hata sijafikiri. Mara mbili ilinibidi nimsugue nyayo kwa kidole gumba. Mara zote mbili alivuta pumzi kwa ghafla, akakunja uso kana kwamba nimemkosea, akaendelea.

Buibui naye nilimjua tabia. Nyuki alipotua kwenye ua karibu naye, siku za mwanzo, alimrukia na kumla. Baada ya wiki hivi sikumwona tena akila. Nyuki walikuja, wakaondoka, akawaacha. Sisimizi mmoja mmoja waliopanda tawi aliwafuata na kuwapiga teke mpaka wakaanguka, kisha akarudi mbio kukumbatia kifuko, kana kwamba ndani ya hizo sekunde chache mtu angekiiba. Siku moja dondola mwembamba, yule wa kiuno kama uzi, alizungukazunguka pale kwa muda mrefu. Buibui alizunguka naye, juu ya kifuko, chini ya kifuko, miguu imeinuliwa. Nilijikuta nimekunja ngumi. Dondola alipoondoka nilishusha pumzi kwa sauti, na mama mkwe akauliza kutoka jikoni, "Mtoto?"

"Hapana mama. Mtoto mzima."

Tumbo la buibui, lililokuwa nene siku ya kwanza, lilianza kusinyaa. Ukijani wake ukawa na michirizi ya njano. Na mimi, badala ya kumzoea, niliogopa zaidi, kwa sababu kadiri alivyokonda ndivyo nilivyojua kwamba siku ya mayai kuanguliwa inakaribia. Nilianza kuwaza mamia ya vibuibui vikitembea kwenye kitenge, vikiingia ndani ya kofia, puani. Nilimwambia mke wangu kwamba Ijumaa nitalikata lile tawi nilitupe ng'ambo ya uzio.

Alikuwa na homa siku hiyo, midomo imemkauka. Akanitazama.

"Wewe unaogopa buibui," alisema. "Na mama yangu anaogopa mtoto. Nyumba gani hii?"

"Mama anaogopa mtoto? Si ananiogopa mimi?"

Alifumba macho. "Muulize mwenyewe," alisema, akijua vizuri kwamba siwezi.

Ijumaa haikufika. Jumatano usiku ilinyesha mvua kubwa, na asubuhi kukawa na wingu zito, hakuna jua, ardhi inatoa mvuke. Nilitoka na kiti changu nimechelewa. Kuku wa jirani walikuwa wanapiga kelele upande wa pili wa uzio. Kisha nikaona mende, mende mchana kweupe, wakitoka chini ya matete na kukimbia kuelekea nyumbani kwetu. Nyenje wakaanza kuruka ovyo. Mmoja akanigonga shingoni. Nikasikia sauti ndogo, kama mvua ya rasharasha juu ya majani makavu, na hakukuwa na mvua.

Niliangalia chini ya uzio. Ardhi ilikuwa inatembea.

Siafu walikuwa wameshaingia kwa upana wa mlango. Mashina ya mbaazi yalikuwa mekundu meusi mpaka kimo cha goti langu, wanapanda. Kabla sijanyanyuka wa kwanza akaniuma kati ya vidole vya mguu, wa pili kwenye kifundo. Na kitu kilichonijia akilini hakikuwa miguu yangu. Ni kile chumba, kitanda kile cha chini, na mwanamke mwenye kidonda kilicho wazi. Siafu wanafuata damu. Kila mtu aliyekulia Kigoma anajua habari ya mtoto mchanga au mgonjwa aliyeachwa ndani.

"Mama! Siafu! Siafu, mama!"

Mlango wa jiko ulifunguka wote. Mama mkwe alitoka, akatazama ardhi, akanitazama mimi usoni kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Mtoe mwenye kidonda!" alisema. "Mtoe! Mimi namwaga majivu!"

Niliingia chumbani. Wa mbele walikuwa tayari wanapanda mguu wa kitanda. Mke wangu alikuwa anahangaika kuinuka na hawezi. Niliingiza mkono mmoja chini ya mgongo wake, mwingine chini ya magoti, akanishika shingo, nikamnyanyua, na mtoto akawa katikati yetu. Alilia kwa maumivu. Nilipita sebuleni, nikatoka mlango wa mbele, nikavuka barabara mpaka kwenye baraza la jirani, mama mmoja mtu mzima aliyeuza mkaa, ambaye alikuwa ameshatandika mkeka alipotuona. Siafu walikuwa wamefika mapajani mwangu. Nilikuwa nawasikia mmoja mmoja, na sikuwa na mkono wa kuwatoa.

Nilimlaza mke wangu kwenye mkeka. Niliposimama wima ndipo nilipogundua kwamba kifuani hakuna kinachonigusa na kuacha.

Nilifungua kitenge. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeteleza, kidevu kimezama kifuani kwake. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau ambayo haijaiva sawasawa. Nilimsugua nyayo kwa gumba langu. Nikasugua tena. Soksi ikavuka. Nikasugua ngozi yenyewe, na gumba langu, hili gumu, halikusikia chochote, halikuniambia kama nasugua mtu au kitambaa.

"Anapumua?" mke wangu aliuliza kutoka chini. "Baba, anapumua?"

Niliendelea kusugua.

Sijui mama mkwe alivuka barabara saa ngapi. Nilimwona tu mbele yangu, majivu mpaka kwenye nyusi, siafu wananing'inia kwenye kanga yake. Aliingiza mikono yote miwili ndani ya shati langu, kwenye kifua changu kitupu, akamchukua mtoto. Alimlaza kwenye kiganja kimoja, akanyoosha shingo, akaingiza kidole chake kidogo kinywani akatoa kitu cheupe, maziwa yaliyoganda, kisha akamgeuza na kumsugua mgongo kwa kiganja cha pili, kwa nguvu ambayo mimi nisingethubutu.

"Garuka," alikuwa anamwambia, kwa Kiha chake, yaani rudi, mwanangu. "Garuka, mwana wanje. Garuka. Garuka."

Yule mama wa mkaa alikuwa anasoma dua. Mimi nilisimama mikono imening'inia.

Mtoto alipiga chafya. Kisha akakohoa, akavuta hewa kwa sauti ya kukwaruza, na akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia namna ile. Ilikuwa sauti nyembamba, ya paka aliyefungiwa stoo, lakini ilikuwa sauti. Midomo ikaanza kurudi, kwanza kijivu, halafu waridi. Mama mkwe alifungua vifungo vya blauzi yake pale pale barazani, mbele yangu, mbele ya watu waliokuwa wamejaa barabarani, akamweka mtoto kifuani kwake wima, shingo imenyooka, kama yule muuguzi alivyotuonyesha. Kumbe siku zote alikuwa anaangalia.

Nilikaa chini na kuanza kujitoa siafu mapajani. Vichwa vyao vilikatika vikabaki ndani ya ngozi.

"Wa kwangu nilimweka kwenye kikapu," alisema ghafla. Hakuniangalia, lakini aliniambia mimi, si ukuta. "Kabla ya huyu binti yangu. Alikuwa mdogo hivi hivi. Tukamfunga kwa nguo nyingi, tukamweka kikapuni karibu na moto, ndivyo tulivyoambiwa. Siku ya tano nikaenda kumnyonyesha. Amelala tu. Nikasema nisimwamshe."

Mke wangu alinyoosha mkono kutoka kwenye mkeka akamshika mama yake mguu.

"Kwa hiyo nilipomwona huyu," mama aliendelea, "nilisema nisimguse. Nisije nikamletea ya yule."

Bajaji ilikuja, tukaenda hospitali wote wanne, mimi bado nimevaa shati lisilofungwa. Walitubakiza. Mtoto alichunguzwa, akawekwa karibu na meza ya wauguzi siku mbili, hakusahau tena. Na daktari aliyekuja kumwangalia mtoto aliuliza kwa nini mama yake anatetemeka, akafunua kile kidonda, akanikemea mbele ya wanafunzi wake kwa kumweka nyumbani. Nilistahili. Walikisafisha, wakambadilishia dawa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili homa yake ilikaa chini mchana kutwa.

Siku ya tatu nilirudi nyumbani peke yangu kuchukua nguo. Siafu walikuwa wamepita, hawakuacha kitu: hakuna mende, hakuna mjusi, hata yule panya wa kwenye dari hakusikika tena. Nilikwenda mpaka mwisho wa ua nikiwa nimejiandaa kuona tawi tupu.

Kifuko hakikuwa mahali pake. Nyuzi zote zilizokifunga kwenye kijitawi zilikuwa zimekatwa. Kilikuwa kinaning'inia hewani, chini ya tawi, kwa uzi mmoja au miwili tu, kinayumba kwa upepo, na buibui yuko juu yake, amekikumbatia, amebaki na miguu saba. Sikuwapo kuona, kwa hiyo siwezi kusema ilikuwaje. Ila kwenye majani ya tawi lile palibaki mabawa na miguu tu ya wadudu walioliwa, na siafu hawajui kushuka kwa uzi. Nilimwaza akikata nyuzi zake mwenyewe moja baada ya nyingine, wale wakiwa wanakuja. Nikaenda kukaa kwenye kiti changu, na hapo ndipo mambo ya siku tatu zilizopita yaliponijia yote.

Sikulikata lile tawi. Lakini tuliporudi na mtoto niliweka kiti karibu na mlango wa jiko, mbali kabisa na mbaazi, na mama mkwe hakujali tena. Tulipokezana mtoto. Alikuwa anakuja, anasema "Lete," nami nafungua kitenge, naye anachukua. Uso wake niliuona vizuri sasa. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na mke wangu amechukua kidevu chake.

Yeye ndiye aliyekuja kuniambia mayai yameanguliwa. "Njoo uone mambo yako," alisema. Nilisogea hatua tatu, nikasimama. Kifuko kilikuwa na tundu lililochanwa, na buibui alikuwa bado analichana, analipanua kwa meno yake, na vitoto vya rangi ya machungwa vilikuwa vinatoka kimoja kimoja, vidogo kuliko punje za ufuta, vinampanda mama yao mgongoni, vinashika nyuzi. Vilikuwa vingi kama nilivyokuwa nimeogopa. Vinyweleo vilinisimama mikononi. Mke wangu alitoka ndani akitembea mwenyewe, ameshika ukuta, akaja akasimama nyuma yangu akatazama.

"Atakula nini huyo mama?" aliuliza.

"Hali," nilisema. "Ana wiki nyingi hajala."

Vitoto vilikaa pale siku kadhaa, kisha vikapungua, kila asubuhi vichache zaidi, mpaka havikuwepo. Mama yao nilimwona mara ya mwisho chini ya jani, mwembamba kama kipande cha uzi. Siku iliyofuata hakuwepo, na sikumtafuta chini.

Mama mkwe aliondoka siku chache baada ya mtoto kufikisha uzito ule waliotaka kliniki. Nilimsindikiza stendi. Basi la Kasulu lilikuwa linapakia magunia juu, nasi tukasimama pembeni, mimi nikiangalia kule, yeye akiangalia huku, kwa mazoea. Kisha akasema:

"Sasa nyumbani nitawaambia nini?"

"Kuhusu nini, mama?"

"Kwamba nilikushika kifua. Mbele ya watu."

Nilifikiri. "Waambie walikuwa siafu."

Alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa kanga. Akapanda basi, akakaa upande wa dirisha, na basi lilipotoka alinitazama mpaka kona.

Jumatatu nilifungua karakana. Kulikuwa na geti la mtu lililokuwa limenisubiri muda wote huo. Nilivaa miwani, nikachoma sentimeta chache, nikasimama. Kifua kilikuwa chepesi mno. Nikatoka nje nikapiga simu.

"Anapumua?"

"Anapumua," mke wangu alijibu.

Nikarudi, nikachoma upande mmoja, nikapiga tena. Anapumua. Saa sita kasoro nikapiga mara ya tatu, na nilisikia mtoto akilia nyuma yake, kilio kinene sasa, cha mtu anayedai haki yake.

"Umemsikia?" alisema. "Sasa fanya kazi. Ukipiga tena nazima simu."

Nilisimama pale nje dakika mbili tatu, simu mkononi, nikimsikiliza bado kichwani. Halafu nikaingia ndani, nikavaa miwani, nikaendelea na geti.